Gundi ya Kipandio cha Tano

Fundi wa kike waliyemwita Kipimo, kwa kuwa hakuamini jicho lake mpaka rula ikubali, alifika zahanati asubuhi kukagua ngazi mpya ya nje. Alikuta kina mama na watoto wa chanjo wamejaa uani, na muuguzi mkuu ameshafungua mlango wa ghorofani.

Ngazi ilikuwa kazi yake na kaka yake: mbao walizozitengeneza kwa vumbi la mbao na plastiki iliyoyeyushwa. Haziozi wala haziliwi na mchwa, ila ni kaidi. Uso wake unateleza, gundi haishiki. Lazima usugue kwa msasa, kisha upitishe moto wa gesi upesi, bila kuunguza. Ukidondosha maji yakatandaa, uso uko tayari. Yakisimama kama shanga, bado. Parafujo walishaziacha, zilipasua ncha za mbao; vipandio vilishikwa kwa gundi tu.

Kipimo alilowesha kidole, akagusa mhimili uliobeba vipandio, pale ulipojitokeza kando ya kipandio cha kwanza. Maji yakatandaa. Cha pili, cha tatu, cha nne, vivyo hivyo. Kwenye cha tano tone lilibaki duara.

Kaka yake alikuwa chini, akifunga sanduku la zana.

"Kaka, ulipitisha moto mpaka juu?"

"Gesi iliisha. Vya juu nilisugua kwa msasa tu. Lakini gundi imekauka, nimevikanyaga mwenyewe jana."

Mama mmoja, mwanawe mgongoni, alikuwa ameshafika kipandio cha tatu. Kipimo akaziba njia kwa mikono yote miwili.

"Dada, naomba urudi chini. Polepole."

"Nimeitwa na muuguzi."

"Najua. Rudi, tafadhali."

Mama akashuka, Kipimo akamfuata. Kaka akamsogelea dada yake, akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, unanivua nguo mbele za watu."

"Heri nikuvue mimi kuliko mtoto wa mtu aanguke."

Kaka alibeba mfuko wa saruji uliobaki walipojenga msingi wa ngazi, akapanda hadi cha nne, akaubwaga juu ya cha tano. Kipandio kilibanduka upande mmoja, mfuko ukaporomoka hadi chini, ukapasuka. Gundi ilikuwa imetoka nzima kwenye mhimili, kama utando wa maziwa.

Kaka aliitazama, kisha akawageukia kina mama.

"Kosa ni langu," alisema. "Gesi iliisha, nikaona haya kusema."

Muuguzi alishusha meza na mizani kwa ngazi ya ndani, chanjo ikafanyika uani, mtoto baada ya mtoto. Ndugu wale wawili walibandua vipandio vya juu mpaka alasiri bila kusemezana. Cha mwisho kilipotoka, kaka alifuta mikono kwenye suruali.

"Umekula?"

"Bado."

"Twende basi. Tukirudi tupitie gesi."

Kipimo akabeba sanduku la zana, wakaenda.