Birika la Bi Mboni

Miaka tisa Hafsa alikuwa akiigiza, na miaka tisa wanawake wa mtaa wa Nguvumali walikuwa wakimwuliza ataacha lini upuuzi ule. Walimwuliza wakiwa wamekaa chini ya mikono yake, wakisukwa, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu angelifikiria mara mbili. Hafsa alivuta nywele zaidi kidogo ya ilivyohitajika, akaendelea kusuka.

Hawakujua, na angewaeleza wasingeamini, kwamba kila jioni alikwenda Raskazone, kwenye darasa la kuazima, akarudia sentensi moja mara arobaini huku Mwalimu Robert, kiongozi wa kikundi, akisema neno moja tu: "Tena." Katika miaka hiyo alikuwa jirani, muuguzi, mama wa bibi harusi, na safari moja mbuzi. Mbuzi yule alisifiwa sana. Mwaka huu, hatimaye, alipewa mhusika mkuu, naye ni mjane.

Shida ni kwamba ujane haukumjia. Machozi aliyatoa, tena bila kitunguu, lakini Mwalimu Robert alitikisa kichwa.

"Unalia vizuri, Hafsa. Ila nakuona wewe. Mjane simwoni."

Mwezi huohuo akafariki Mzee Uweso, mume wa shangazi yake, Bi Mboni. Hafsa alimpenda mzee yule na alimlilia kwelikweli. Lakini ndugu walipouliza nani atakaa na Bi Mboni siku za eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hatoki nyumbani, Hafsa alijitokeza kabla swali halijaisha. Wote wakamwombea dua. Dua zile zilimchoma, maana alijua ana nia mbili.

Alipika, alifua, alifagia, na alitazama. Kila alfajiri, kabla ya adhana, Bi Mboni aliwasha jiko, akachemsha maji, akayamimina katika birika la bati na kuliweka mlangoni pa msala wa kuogea, pamoja na taulo, pale ambapo Mzee Uweso alitilia udhu kwa miaka arobaini. Kisha alisimama. Baada ya muda akalichukua birika, akaenda kuyamwaga maji penye shina la mrehani uani. Hafsa aliyaona yote hayo kwenye upenyo wa pazia. Masikini, akawaza, anasahau kwamba mumewe kafa, halafu anakumbuka.

Akaenda na jambo lile Raskazone, akaazima birika. Alimimina, akaweka, akakumbuka, akapiga ukelele, birika likaanguka sakafuni. Mwalimu Robert alivua miwani.

"Hiyohiyo," akasema. "Usiguse kitu."

Ilikuwa siku aliyoingoja miaka tisa, na alirudi nyumbani kwa miguu bila furaha hata chembe. Angeweza kukaa kimya. Bi Mboni hajawahi kutia mguu kwenye ukumbi wa maigizo, nani angemwambia? Lakini Hafsa alijua hawezi kusimama mbele za watu akisema kweli kwa kitu alichokichungulia nyuma ya pazia. Zikiwa zimebaki wiki tatu eda iishe, alipiga magoti mbele ya shangazi yake, akamwambia yote.

Bi Mboni alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe mimi nimekaa eda, wewe umekaa kazini?"

"Shangazi, bila ruhusa yako sitaigiza jambo lile. Wallahi."

"Chukua mkoba wako, Hafsa. Toka."

Akatoka. Binamu yake Khadija akaja kukaa badala yake, na habari zikazagaa mtaa mzima kabla ya magharibi.

Mwalimu Robert hakugomba alipoambiwa. "Toa," alisema. "Lakini pasibaki pengo." Wiki tatu Hafsa alitafuta cha kuziba. Alijaribu tasbihi, alijaribu kofia ya marehemu, alijaribu ndala zake. Vyote vilikuwa uongo, na kila mmoja aliuona. Siku ya mwisho ya mazoezi mwalimu akachoka.

"Rudisha lile birika, binti yangu. Shangazi yako hatakuwepo ukumbini."

"Mimi nitakuwepo," Hafsa akasema. "Tuanze tena."

Eda iliisha Alhamisi. Jumamosi, saa tisa alasiri, watu wakiwa wanaingia ukumbini, Hafsa alikuwa nyuma ya pazia akijifunga kanga nyeupe, aliposikia viatu asivyovitegemea. Alikuwa Bi Mboni, katika buibui jipya, na kikapu mkononi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Huo wizi wako. Nimesikia ulikataa kuurudisha. Nionyeshe."

Hafsa akaonyesha kwa mikono mitupu. Alipofika pa ukelele, Bi Mboni alikuwa keshakunja uso kama aliyeonja mchuzi usio na chumvi.

"Sivyo. Wewe ulidhani nilikuwa nasahau?"

"Ndiyo, shangazi."

"Nilimwona akitolewa mlangoni kwangu kwenye jeneza. Sikusahau hata alfajiri moja. Nilijua, na maji nikachemsha."

"Kwa nini, shangazi?"

"Ilikuwa saa yake ya maji." Bi Mboni akatia mkono kikapuni, akatoa birika la bati, limebonyea ubavuni. "Tena vidole hukutia kuyapima moto. Alikuwa hapendi yanayounguza. Shika. Ukiniharibia, naja kukushusha hukohuko juu, mbele ya watu."

Mwalimu Robert akachungulia. "Dakika kumi."

"Mwalimu, nabadilisha. Ukelele hakuna."

Mzee wa watu alifumbua kinywa, akaona uso wa Hafsa, akakifumba.

Hafsa aliogopa kuliko siku zote. Ilipofika saa yake alimimina maji, akatia vidole, akangoja, akaongeza ya baridi kidogo, akatia vidole tena. Akaliweka birika mlangoni, akalinyoosha taulo. Kisha akasimama, akijua. Hakulia. Ukumbini mtoto alikohoa, halafu hata yeye akanyamaza. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa Hafsa hakuwa akitafuta jicho la mtu yeyote. Alikuwa ana mume asiyerudi na maji yanayopoa, basi.

Watu walipiga makofi mpaka mwalimu akashindwa kutoa shukrani zake. Wengine walimfuata nyuma ya pazia wakitaka kumshika mkono, na kati yao walikuwamo aliowasuka juzi. Bi Mboni aliwapita wote, macho mekundu, akasimama mbele yake.

"Shangazi, ilikuwa sawa?"

Bi Mboni alinyoosha mkono.

"Nipe birika langu. Alfajiri nina kazi nalo."

Hafsa akalifuta maji kwa upindo wa kanga, akampa kwa mikono miwili.