Godoro la Mama Mkwe

Udongo wa nyuma ya nyumba ulikuwa udongo kwa jina tu. Ukipiga jembe, unarudishiwa kifusi na vipande vya vigae. Fundi cherehani hakujali. Maganda ya viazi na majani ya chai aliyoyalundika pembeni yalikuwa yameoza na kuwa mboji nyeusi. Akaichanganya humo, akapanda miche ya nyanya. Jua likaichapa, miche yote ikajilaza kama watoto waliogoma kwenda shule.

"Inataka matandazo ya kutunza maji," alisema, jicho lake likikimbilia stoo.

Humo mlikuwa na godoro kuukuu la mama mkwe, la makumbi ya nazi, ambalo mwenyewe aliapa halitupwi maadamu yu hai. Mwenyewe alikuwa safarini kwa dada yake. Mkasi ukaingia kwenye mshono.

"Wifi!" Dada wa mumewe alishika kiuno mlangoni. "Umechoka ndoa?"

"Nimechoka kununua nyanya. Shika upande huo."

"Sijashika kitu, sijaona kitu, na wewe sikujui."

Akashika.

Makumbi yalitosha matuta yote isipokuwa la mwisho. Fundi akajaza mabaki ya vitambaa ndani ya godoro, akalishona, akalirudisha stoo.

Mama mkwe alirudi kesho yake, jua likiwa la utosi. Hata maji hakunywa. Moja kwa moja stoo. Alibonyeza godoro mara moja tu.

"Mwanangu, hili limenenepa lini?"

Wifi alikumbuka ghafla nguo za kuanua, na siku hiyo hakuna aliyefua.

"Makumbi yako yako bustanini, mama. Nisamehe," alisema Fundi.

Mama mkwe akatoka, akainama, akayanusa. Kwenye makumbi miche ilisimama wima kama askari. Tuta la mwisho lilikuwa hoi.

"Hawa ndio waliolalia godoro langu?"

"Ndiyo, mama."

"Na wameamka hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Marehemu baba mkwe wako alinisumbua maisha yake yote, eti godoro linamvunja mgongo. Kumbe mgongo wenyewe ndio ulikuwa mbovu!"

Akaingia ndani. Fundi na wifi yake, aliyekuwa kwenye kamba tupu ya nguo, wakatazamana, hakuna aliyethubutu kucheka. Mama mkwe alirudi amekumbatia mto wake, wa makumbi vilevile, akaubwaga miguuni pa Fundi.

"Tuta lile umelinyima. Lete mkasi."