Usaili wa Mama Chai

“Vikombe, jamani! Vikombe!” Mtu kaitwa usaili wa chuo kikuu, kavaa gauni lake la kuendea harusini, kaingia mbele ya jopo zima, kiti kinamsubiri pale katikati, yeye akakusanya vikombe vichafu akatoka navyo!

Ndivyo karani wa mlangoni alivyowasimulia wenzake siku ile, huku akijishika mbavu. Lakini karani alikuwa mlangoni tu. Ya moyoni mwa mwenyewe hakuyaona.

Mama Chai ndiyo jina alilopewa kazini, na lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mlinzi wa getini hakujua lingine. Alikuwa akipika chai katika ofisi ya ghorofa nne. Siku aliyoajiriwa, katibu muhtasi alimkalisha jikoni akamfunda kama mwali: usibishe hodi, utakatiza maongezi ya wakubwa, usimtazame mtu usoni, usisubiri asante. “Mpika chai mzuri,” alimwambia, “ni yule ambaye mtu akimaliza kunywa hakumbuki nani aliileta.” Mama Chai aliyashika hayo, akawa hodari. Wakubwa walikuwa wakigombana mbele yake, wakisengenyana mbele yake, hata mmoja aliwahi kulia mbele yake, kama vile aliyeingia ni upepo.

Shule aliiachia kidato cha tatu. Hakufeli. Bibi yake alipooza upande mmoja, kikao cha ukoo kikatazama watoto watano wa nyumba ile, wanne wa kiume na yeye, na wala hakikukaa sana. Kaka zake wakaendelea na masomo, yeye akabaki kumgeuza bibi kitandani. Bibi alipofumba macho, wenzake darasani walikuwa wameshamaliza zamani, na yeye alikuwa ameshachumbiwa.

Kwa hiyo aliposikia kwamba chuo kikuu kinapokea hata watu wazima wasio na vyeti, bora wafaulu mtihani wa kuandika kisha wasailiwe, alikaa na habari hiyo kifuani kama mtu aliyemeza kaa la moto. Akafanya mtihani kwa siri. Akafaulu! Sasa kulibaki usaili. Akipita hapo, anasomea ualimu. Asipopita, basi; mwaka ujao umri wenyewe unamfungia mlango, maana wana kikomo chao.

Asubuhi ya siku yenyewe binti yake aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, kidevu juu, akijifanya mwenyekiti wa jopo.

“Mama, kwa nini unataka kusoma katika umri huu?”

“Kwa sababu…” Mama Chai akayatupa macho chini.

“Mama! Unamjibu mtu, huijibu sakafu.”

“Mwache azoee,” akadakia wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akiishi nao. “Si anakwenda kukaa dawati moja na wajukuu? Watamwambia, bibi, mwalimu kachelewa, hebu tutolee hadithi.”

“Wifi, kwako niliazima viatu, sikuazima maneno.”

“Kwangu mimi vinakwenda pamoja.” Lakini huku anasema, alikuwa akivisugua vile viatu kwa upindo wa nguo yake mwenyewe. “Na kazini umewaambia unakwenda wapi?”

“Nimesema umelazwa.”

“Mimi! Naumwa nini?”

“Tumbo.”

“Tumbo! Mtu mzima mimi, unanipa tumbo? Ungenipa hata moyo, watu wanihurumie!”

Wakacheka wote watatu. Mama Chai akatoka mlangoni akiwa bado anatabasamu, jibu lake kalishika kichwani neno kwa neno: Kwa sababu nilikuwa na akili kama kaka zangu, na hakuna aliyeniuliza.

Huko chuoni aliketi kwenye benchi la ukumbini, viatu vimembana, hadi karani alipotoa kichwa.

“Mama, wewe, ingia.”

Akaingia. Hakubisha hodi. Meza ilikuwa ndefu, watu watano nyuma yake, wanaongea. Mbele ya kila mmoja kikombe, ndani yake mabaki ya chai yaliyopoa hadi maziwa yakafanya utando. Kiti kilikuwa katikati ya chumba, peke yake.

Mwenyekiti wa jopo, mzee wa miwani, hata hakuinua kichwa.

“Afadhali umekuja, mama. Toa hivi, tunakaa na uchafu tangu asubuhi. Na utuletee nyingine ya moto.”

Alitaka kusema. Haki ya nani, alitaka! Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini mikono ilikuwa imeshafika mezani. Kikombe cha kwanza kikaingia ndani ya cha pili, cha tatu juu yake, mkoba ukasukumwa kwapani, macho yakashuka yenyewe, na miguu ikampeleka kwenye mlango mdogo wa pembeni. Hakuonyeshwa. Mtu wa kazi ile hunusa jiko lilipo.

Jikoni hapakuwa na mtu. Alisimama mbele ya sinki, bomba linamwaga, uso unamwaka. Rudi sasa hivi, alijiambia. Waambie. Waambie nini? Kwamba umekosea? Si wewe uliyekosea. Basi mbona umebeba? Akaviosha vikombe. Maji yakachemka. Akajipa moyo kwamba ataweka trei kwanza, kisha aseme, kwa sababu kurudi mikono mitupu kungekuwa aibu juu ya aibu.

Alipoingia na trei ya vikombe na chupa ya chai, karani alikuwa amesimama mbele ya jopo.

“Mimi nimemwingiza, mheshimiwa. Kwa macho yangu.”

“Umemwingiza wapi? Hapa hajaingia mtu.”

“Mama mmoja hivi wa makamo.”

“Tangu tumalize na yule aliyetoka, hajaingia mtu,” alirudia mwenyekiti, na wenzake wakatikisa vichwa, watu wazima wanne, wasomi. Mama Chai alikuwa akimmiminia. “Wewe mama, umemwona mtu huko nje?”

“Ni mimi,” akasema.

“Ni wewe nini?”

“Wa usaili. Ni mimi.”

Karani alikohoa kuficha kicheko, kikamtoka puani. Mhadhiri mmoja wa kike, kijana, akaweka kiganja mdomoni. Chai ilikuwa imefika ukingo wa kikombe, na Mama Chai akaiacha pale pale ukingoni, haikumwagika hata tone.

“Keti basi, mama,” mwenyekiti akasema. Akaketi, chupa ya chai imo mapajani. “Mbona hukusema?”

Akakaza kifuniko cha chupa.

“Nakuuliza kwa wema. Mtu anakwambia toa vikombe, unatoa. Ningekwambia deki chumba?”

“Ningedeki,” akasema kwa sauti ndogo. Ndiyo kweli yenyewe.

Wakacheka, si kwa ubaya, na hapo ndipo alipotamani sakafu ipasuke. Mzee akavua miwani.

“Elimu haina mwisho, mama, na mtihani wako umeufanya vizuri, naona hapa. Lakini chuo kikuu ni mahali pa kubishana. Mwalimu atasimama mbele ya darasa. Wewe hata jina lako hukuweza kulitetea. Tungekupokea, tungekuonea.”

“Mheshimiwa, nilikuwa na jibu.”

“Jibu la swali gani?”

Hakuna aliyekuwa ameliuliza. Akafungua mdomo, lile neno kwa neno likawa limeruka kama kuku aliyeona kisu. Yakabaki maneno mawili tu.

“Kaka zangu…” akasema.

“Ndiyo?”

“Basi.”

“Asante kwa kuja,” mwenyekiti akasema, akainywa chai yake.

Alikuwa ameshafika nusu ya ngazi aliposikia viatu vinamkimbilia. Yule mhadhiri kijana! Moyo wa Mama Chai ukaruka. Alijishika kwenye ukuta.

“Mama, samahani. Pole sana kwa yaliyotokea humo.”

“Si kitu, mwanangu.”

“Nimezungumza na mwenyekiti.” Alikuwa anahema, macho yake mema kabisa. “Mama yetu wa chai kaacha kazi, tunahangaika. Na wewe ile chai, jamani! Mshahara wetu si haba, utakuwa hapa hapa chuoni. Amekubali. Unaweza kuanza mwezi ujao?”

Mama Chai alimtazama yule binti, umri wa mwanawe. Alitafuta hasira, akaikosa mahali ilipo. Mdomo wake ukatangulia, kama mikono ilivyotangulia.

“Asante,” akasema. “Nashukuru sana.”

Nyumbani walikuwa wamekaa kizingitini wanamngoja. Wifi alikuwa wa kwanza kusimama.

“Enhe! Wamesemaje?”

“Wameniambia nianze mwezi ujao,” Mama Chai akasema, akavuta pumzi amalizie.

Hakumalizia. Wifi, huyo huyo wa maneno, alikuwa ameshapiga kigelegele kilichofungua madirisha mtaa mzima. “Wifi yangu chuo kikuu! Nani alisema kazeeka? Atokeze!”

“Wewe, shangazi!” binti akasema, anacheka na kulia kwa pamoja, kamning’inia mamaye shingoni. Jirani kutoka nyumba ya mbele akaja na mkono wa pongezi. Mwingine akaja. Mtoto mchanga wa mtu akawekwa mikononi mwa Mama Chai amguse, apate akili.

“Simameni, simameni!” Mama Chai akasema. “Kuna jambo sijasema.”

“Atasema nini tena, keshakuwa msomi!” Wifi alikuwa ameshavuka njia, anagonga mlango wa tatu.

Binti akamvuta ndani, machozi hayajamkauka.

“Walikuuliza lile swali, Mama? La umri? Uliwajibu nini?”

Mama Chai alimpangusa mashavu kwa kiganja, taratibu, moja kisha la pili. Nje huko kigelegele kingine kikapanda.

“Kesho, mwanangu,” akasema. “Yote nitakwambia kesho.”