Gunia la Katikati

Katika chumba kile cha kazi, mstari mwekundu ulichorwa sakafuni kuanzia mlangoni hadi ukuta wa nyuma, na ole wako uuvuke na kandambili zisizo za upande huo. Kulia, Shangazi alichanganya unga wa uji wa watoto. Kushoto, mke wa kaka yake alioka biskuti za mbwa na paka. Watoto wa mtaa mzima walimwita Shangazi, basi na sisi tumwite hivyo. Yule mwingine ni Wifi, maana ndivyo walivyoitana wenyewe kutwa nzima, kwa mapenzi na kwa vijembe.

"Wifi, ndoo yako imechungulia kwangu!"

"Haijachungulia, wifi. Macho yako ndiyo yamezeeka."

Kila upande ulikuwa na ndoo zake, aproni zake, ufagio wake. Hata nzi, Wifi alipenda kusema, walishajigawa. Mzazi akija kununua uji, Shangazi alimwonyesha mstari kwanza, unga baadaye.

Na hapo hapo, juu ya mstari, lilikaa gunia moja.

Msinishangae mimi, washangaeni wao. Lilikuwa gunia la unga wa protini ya ngano kutoka ng'ambo, walilouziwa na muuzaji wa jumla wiki ile ile ya kisa hiki. Unga huo ulifanya biskuti zishikane vizuri, na kijiko chake kwenye uji kiliongeza nguvu. Kila mmoja aliutaka, lakini hakuna aliyetaka mwenzake aingie kwake kuuchota. Basi wakaliweka katikati, nusu huku nusu kule, kila mmoja na kopo lake la kuchotea, wakaona wamemaliza kazi. Jamani! Walizuia kila kitu kisivuke mstari, isipokuwa kile kilichokuwa kimeukalia.

Asubuhi moja Shangazi alikuwa anafunga pakiti, mlango ukasukumwa. Akaingia mlinzi wa ghala la mtaa wa pili, amembeba mbwa wake mikononi kama mtoto mchanga. Mbwa mwenyewe aliitwa Bosi, kwa sababu, mlinzi alizoea kueleza, ndiye pekee anayelala kazini bila kuulizwa. Leo hakuwa na utani. Nyuma yake alikuja daktari wa mifugo, glavu bado mkononi.

"Anatapika, anakunywa maji hashibi, na mkojo hautoki," daktari alisema. "Ni figo. Nina wengine kliniki wako hivi hivi, na wote wamekula biskuti za hapa."

Wifi akaja juu. Jiko lake safi, mikono yake safi, nani anamwonea wivu? Daktari alimwacha amalize, kisha akauliza kwa upole, "Kuna kitu kipya mmeongeza? Kitu cha kutoka nje?"

Mawifi wote wawili wakageuka, wakalitazama gunia.

"Nimeshasikia habari za unga wa namna hii," daktari alisema. "Mtu anautia kemikali ya plastiki, ukipimwa uonekane una protini tele. Nitapeleka kidogo maabara. Biskuti zote zirudi leo."

"Zitarudi," Wifi alisema. Akamwinamia mwenzake, akanong'ona, "Afadhali ni za mbwa."

Shangazi hakumsikia. Alikuwa analitazama kopo lake, lile la upande wa kulia, limezama ndani ya gunia hilo hilo. Juzi mwalimu wa shule ya chekechea alichukua pakiti za uji wa watoto wote.

"Wifi," alisema. "Uji."

"Kijiko kimoja tu, wifi! Nyamaza kwanza, tusubiri maabara. Ukitaja watoto tumekwisha," Wifi alimnong'oneza.

"Uji gani?" mlinzi aliuliza. Binti yake wa pekee alisoma chekechea hiyo hiyo.

Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni: uji hauhusiki, baba, mstari si huo hapo? Angeaminiwa, maana mtaa mzima uliujua mstari ule. Shangazi akautazama, na kwa mara ya kwanza akauchukia.

"Uji wa chekechea umetiwa unga huu," alisema. "Mwanao ameunywa."

"Mbwa wangu," mlinzi alisema taratibu, "na mwanangu pia?" Akamwekea daktari Bosi mikononi, akatoka mbio. Shangazi akamfuata mbio vilevile, akakatiza mstari na kandambili zake bila hata kuziona.

Shuleni walimkuta mwalimu anakoroga uji. Shangazi alizima jiko kwanza, salamu baadaye. Watoto walikuwa wameshaunywa jana na juzi. Mlinzi akambeba binti yake akaenda naye hospitali, hakumtupia Shangazi hata jicho.

Wazazi wengine walipokuja kuwachukua watoto, Shangazi alisimama langoni akamwambia kila mmoja kwa mdomo wake. Aliona aibu, ardhi ingepasuka angeshukuru. Mama mmoja alimrushia pakiti miguuni. Akaiokota, akaendelea. Baada ya muda akasikia sauti upande wa pili wa lango, imekauka, inarudia maneno yake yale yale: "Kosa ni letu. Mpelekeni mtoto akapimwe." Alikuwa Wifi, amekuja na aproni yake ya biskuti. Shangazi akajikaza asilie.

Vipimo vikatoka: watoto wote salama. Walikunywa kidogo, na waliwahiwa. Unga ulikuwa na sumu kweli, na wakaguzi wakaondoa unga wote ghalani kwa yule muuzaji wa jumla. Bosi alitundikiwa maji, akainuka. Paka mmoja wa ajuza jirani hakuinuka, na Wifi alikwenda kulia na ajuza huyo.

Walifuta mstari, wakasugua chumba, wakaanza upya na nafaka za wakulima waliowajua kwa sura. Hakuna aliyekuja kununua. Shangazi alikuwa karibu kukata tamaa mwalimu alipomwambia alete sufuria moja shuleni, wazazi wajionee.

Uwanjani vikombe vilipangwa, uji ukafuka moshi, na wazazi wakasimama mbali wamekunja mikono. Mlinzi akafika, binti mkono huu, kamba ya Bosi mkono ule, mbwa amekonda lakini anatembea. Akajaza kikombe, akampa Shangazi.

"Kunywa."

Shangazi alikunywa mpaka chini, ulimi ukaungua, hakujali.

Wifi naye akanyoosha mkono achukue kikombe. "Aa," mlinzi alisema, "wewe si wa uji." Akamwonyesha kikapu cha biskuti mpya za mbwa alichokuja nacho Wifi mwenyewe.

Watu wakaguna. Wifi akachukua biskuti ya mbwa, akaimega, akaanza kutafuna macho yakimtoka. Akameza.

"Haina chumvi," alisema.

Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata mama aliyerusha pakiti. Kipande kilichobaki Wifi alimpa Bosi. Bosi alinusa, akamtazama bwana wake, akala.

"Shangazi," binti wa mlinzi akasema, amekwisha kunyanyua kikombe, "na mimi."

Shangazi hakuthubutu kugusa sufuria. Alimtazama baba mtu, roho juu. Mlinzi akachukua upawa mwenyewe, akammiminia mwanawe.