Kaseti Chini ya Mguu wa Meza

Tangu asubuhi Shunji hakuwa amefunga mdomo. Alikuja dukani kwa dada yake Hatsue, mtaa wa Nipponbashi, Osaka, na kisanduku alichokiunda mwenyewe kwa miezi minane, akakiunganisha kwenye runinga bapa, akaanza mahubiri. Eti chipu yake inaiga mashine ya zamani ya gemu bila kukosea hata nukta. Hatsue, aliyetumia miaka ishirini na mitano kwa kufufua mashine zenyewe za zamani, yalikuwa yamemfika kooni.

"Bonyeza uone, dada."

Alibonyeza. "Inachelewa."

"Haichelewi!"

"Nimebonyeza, nimesubiri, ndipo mtu wako akaruka. Wangu angeshatua na kwenda zake."

"Hiyo ni runinga, si mashine."

"Basi kagombane na runinga."

Shunji alipumua kwa nguvu. "Twende tukale kwanza. Zile okonomiyaki za Yoshimi, chapati za kabichi."

"Kwa yule mwizi? Siendi."

Duka la Yoshimi lilikuwa mtaa wa pili tu, na Hatsue alikuwa akizunguka soko zima ili asilipite. Walikuwa marafiki wa chanda na pete mpaka mwaka 1987, darasa la tano, Yoshimi alipoazima kaseti ya gemu yenye jina la Hatsue nyuma kwa wino mzito, kama watoto wote walivyoandika. Yoshimi alisema aliirudisha, alimpa Shunji mlangoni. Shunji, wa miaka sita, alisema hakupewa kitu. Hatsue akamwamini mdogo wake.

"Nipe kaseti mbovu kuliko zote," Shunji alisema. "Kisanduku kikishindwa, nanyamaza mwaka mzima."

Mwaka mzima! Hatsue aliinama haraka, akachomoa kaseti iliyosawazisha mguu wa meza. Ilikuwa ya besiboli, zawadi ya mjomba, gemu lililomchosha hata mjomba. Shunji aliipangusa kwa pamba na spiriti, akaichomeka.

Kwenye runinga hakukuwa na besiboli. Lilikuwa gemu lile aliloazima Yoshimi: ngome, theluji, na majina matatu ya wachezaji, yaliyotunzwa na betri ndogo ndani ya kaseti miaka yote hiyo. Hatsue. Yoshimi. La tatu, Shunji, ambalo halikuwepo kaseti ilipoazimwa.

Hatsue aliyasoma mara mbili.

"Shunji."

"Dada, nilikuwa na miaka sita..."

"Alikupa."

"Nilitaka kucheza kidogo tu. Nikabandua maganda kwa kijiko, nikakitia kibao cha ndani kwenye ganda la besiboli. Lenye jina lako nililitupa mtoni. Halafu mkaanza kupiga kelele, nikaogopa. Baadaye nikasahau." Alikohoa. "Lakini umeona? Kisanduku kimesoma."

"Hata mashine yangu ingesoma, mjinga wewe!"

"Ingesoma. Ila hukuwahi kuichomeka."

Hatsue alitamani kumrushia kile kisanduku. Aliichomoa kaseti akatoka.

Yoshimi alikuwa anakata kabichi, wateja watano mbele yake. Hatsue aliiweka kaseti kwenye kaunta. Yoshimi aliitazama bila kuigusa.

"Sikuwahi kuazima besiboli."

"Ganda ndilo la besiboli. Ndani ndiyo yenyewe. Shunji aliificha." "Ulimpa kweli. Ulisema."

"Nilisema mara ngapi?"

"Kila siku. Mpaka ukaacha."

"Niliacha siku mwalimu alipomwaga mkoba wangu mbele ya darasa." Kisu kilikuwa kimesimama. "Nani alimwambia aumwage?"

"Mimi," Hatsue alisema. "Nisamehe, Yoshimi. Nilikuita mwizi, na hukuiba."

Wateja waliacha kula. Yoshimi alipangusa mikono, akaigeuza kaseti. Nyuma hapakuwa na jina. Alichukua kalamu ya wino mzito aliyoandikia vyakula vya siku, akaandika polepole: Hatsue. Kisha akaishika kwa mikono miwili, akamnyooshea Hatsue juu ya kaunta.

"Nakurudishia," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Mkononi mwako mwenyewe, na hawa wote wameona. Haya, pokea."