Mguu Ulioitika Jina la Inyonga

Klementina alikuwa akipepeta karanga uani kwake Magamba, jua linataka kuzama, mguu wake wa kulia ulipoanza kwenda. Akaweka ungo chini, akaufuata. Angefanyaje, na mguu ni wake?

Mguu huo ulivunjika alipoanguka na bodaboda njia ya Mwese. Hospitali wakaziba pengo kwa kiraka cha unga wa mifupa ya ng'ombe na gundi inayoyeyuka mwilini, chenye vitundu kama sifongo. Daktari Iman alimweleza vizuri: "Mama, ni kama mbao za kushikilia zege hadi likauke. Mfupa wako utaota humo. Ukishashika, mbao zinajiondokea zenyewe."

Mguu ukakata mashamba ya mahindi mpaka kwa Machibya, mfugaji wa Kisukuma. Zizi lilikuwa tupu. Ng'ombe wake walikamatwa, ikasemwa wameingia hifadhini. Kesi alishinda, lakini walikuwa wameshapigwa mnada. Hata hivyo kila jioni alisimama langoni akawaita, kila mmoja kwa jina la mahali aliponunuliwa.

"Usevya! Majimoto! Inyonga!"

Alipoita Inyonga, mguu ukaingia zizini.

Machibya akainama, akaupapasa, akautazama kama una kupe. "Umechelewa," akauambia. "Umekula?"

"Bado," akajibu Klementina. Tangu afiwe na mume hakuna aliyemwuliza hivyo.

Machibya akaleta nyasi.

Ikawa hivyo kila jioni. Klementina alirudi hospitali. Daktari Iman akaangalia picha, akagonga mfupa kwa kidole. "Wa ng'ombe umekwisha, Mama. Huu wote ni wako."

"Mbona unakwenda wenyewe?"

"Mguu unaokwenda ndio tuliokuwa tunautafuta."

Basi Machibya akampeleka Klementina kwa ofisa aliyeshughulikia ile mifugo, kudai ng'ombe wake. Akaita, "Inyonga!" Mguu ukazunguka meza, ukasimama mbele ya Machibya. Ofisa hakubisha.

"Ni ng'ombe wako, mzee, naona kabisa. Kumbe umeshaanza kurudishiwa! Nenda nyumbani, uvute subira."

Walipofika zizini Machibya akauosha mguu vumbi. Klementina akautazama utosi wake wenye mvi, akaona asiposema leo hatasema tena.

"Mzee Machibya, huu mguu una mwenyewe. Mimi naitwa Klementina."

Machibya akainua macho. Ni kama ndiyo kwanza anaona kwamba juu ya goti kuna mtu.

"Ulinunuliwa wapi, mayu?" akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Sikununuliwa. Mahari yangu ilipokelewa Karema."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuosha.

Kesho yake jioni akasimama langoni. Akaita Usevya, kimya. Majimoto, kimya. Inyonga, mguu ukaingia. Akawaita wote waliobaki, kimya. Halafu, kwa sauti ileile, akaita:

"Karema!"

"Abee," Klementina akaitika.

Machibya akaleta nyasi, akaziweka miguuni pake. Lango akaliacha wazi. Wengine walikuwa hawajarudi.