Mimi Nani?

Abdulghani, muuza nguo na shanga wa Kanoni, alikuwa na mzaha mmoja tu maishani. Aliupata kwa mjomba wake huko Pangani, akaja nao hadi huku Karagwe. Kila akirudi nyumbani alisimama mlangoni.

"Hodi!"

"Nani?" mkewe Mwajabu angeuliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Ala! Kama wewe hujijui, mimi nitakujuaje?"

Kisha angeingia akicheka mpaka machozi yamtoke, kana kwamba ameutunga papo hapo. Wateja Wanyambo, wenyeji wa pale, waliokuja kununua kaniki nao aliwafundisha, na wengine Kiswahili chao cha kwanza kilikuwa hicho. Mwajabu mzaha huo ulikwisha kumchosha. Siku moja ya mvua alinyamaza makusudi asiulize, na mwanamume yule akabaki nje akilowa, hodi baada ya hodi, mpaka mkewe akasalimu amri.

Mwaka ule wapagazi waliopita na msafara waliacha ndui nyuma yao. Abdulghani alianza na homa na maumivu ya mgongo, kisha vipele vikamtoka usoni. Wazee wa kijiji walikuja kwa upole, wakaomba mgonjwa ahamishiwe kwenye kibanda mwisho wa migomba, na Mwajabu asimkaribie, maana ugonjwa ule hakuwahi kuupata. Kumuuguza alipewa Rutashobya, mtu mzima ambaye ndui ilimpitia ujanani ikamwachia makovu. Mwajabu alipika, akaweka chungu juu ya gogo lililolala njiani, akarudi nyuma. Rutashobya alikuja kukichukua.

Asubuhi ya kwanza Mwajabu alisimama kando ya gogo akikitazama kibanda. Akaita tu, "Hodi!"

"Nani?" Sauti ilitoka kibandani, nzito.

"Mimi."

Kisha, "Mimi nani?"

Mwajabu akatambua kwamba safari hii aliye nje ni yeye. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuitamka sehemu ile. "Kama wewe hujijui, mimi nitakujuaje?"

Alisikia kicheko, kikakatwa na kikohozi. Akarudi nyumbani moyo umemtulia.

Wakawa wanafanya hivyo kila asubuhi, mpaka homa ilipompanda kichwani. Siku hiyo Mwajabu alijibu kama kawaida, lakini kicheko hakikuja.

"Mimi nani?" Abdulghani akauliza tena. Sauti ilikuwa ya mtu aliyepotea porini. "Mimi nani? Niambieni, mimi nani?"

Maneno yale Mwajabu aliyasikia mara zisizohesabika, na hakuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kuyauliza kweli. Akakaa juu ya gogo, akapaza sauti.

"Wewe ni Abdulghani! Baba yake Mwanamisi! Ulinioa Tabora, siku ya arusi ukavaa kanzu ya kuazima, fupi, vifundo vya miguu vikaonekana. Hupendi maharage yenye chumvi nyingi. Unaogopa nyuki. Binti yetu alipoolewa ulijificha nyuma ya ghala ukilia, nami nikajifanya sikukuona. Wewe ndiye huyo! Unanisikia, baba Mwanamisi?"

Aliendelea kumsimulia mwenyewe habari zake mpaka sauti ikamkauka.

Siku zilizofuata hakuna aliyeitikia hodi yake. Rutashobya alikuja kwenye gogo akitikisa kichwa. "Anapumua, waitu," alisema, akimwita kwa heshima ya kwao. "Zaidi ya hapo sijui." Mwajabu aliswali, akapika, akarudi kuita.

Asubuhi moja, umande ungali kwenye migomba, aliita bila tumaini kubwa. "Hodi!"

"Nani?"

Akashika kifua. "Mimi."

"Mimi nani?"

Hapo akaogopa. Hakujua ni mzaha au ni lile swali la siku ile. Akakaza macho kwenye mlango wa kibanda. Ndipo Abdulghani akajijibu mwenyewe kutoka kibandani, kwa sauti dhaifu, yenye uchokozi:

"Ala! Kama wewe hujijui, mimi nitakujuaje?"

Mwajabu alikaa chini kwenye umande akacheka, akalia, akacheka tena, kanga imeziba mdomo. Rutashobya alitoka mbio akidhani kuna msiba. Alipoona hali ilivyo, naye akaketi chini mlangoni, akashusha pumzi ndefu.

Vipele vilipokauka na magamba yote kudondoka, walimwogesha kwa maji ya moto yenye majani machungu, wakakichoma kibanda. Uso wa Abdulghani ulijaa mashimo, na jicho moja lilikuwa halijafunguka vizuri. Alitembea akimwegemea mkewe, kila hatua chache akiomba kupumzika.

"Nimekuwa mbaya?" aliuliza.

"Umekonda. Mengine tutazoea. Nyanyua mguu, kuna mzizi."

Nyumbani alimkalisha uani, juani, akampakulia ebitoke, ndizi zilizopikwa zikalainika. Mbele dukani watu walikuwa wakiita wauziwe kaniki. Abdulghani alikula matonge machache, kichwa kikainama, akasinzia na tonge mkononi. Mwajabu alilitoa tonge taratibu kwenye vidole vyake, akalila mwenyewe, akabaki amekaa pale karibu naye, na wateja akawaacha wangoje.